Maswali Yenu: Vifaru na Ndege za Kivita Zilizoishia Kwenye Karatasi

Barua nyingi tulizozipokea kwa ajili ya safu hii zinahusu jambo moja: vifaru na ndege za kivita zilizochorwa na wahandisi lakini zisiundwe kamwe. Tumechagua zile zinazouliza yale yaliyoulizwa na wengi, tukazifupisha, na majibu yake yanafuata.

Swali: Ndugu mhariri, katika orodha za zana zisizowahi kuundwa nimekuta mara nyingi kifaru cha Kijerumani cha Maus na ndege ya Kanada ya Avro Arrow, ilhali picha zake halisi zipo. Mpaka uko wapi?

Jibu: Zana hizo mbili hazistahili kuwemo katika orodha hizo. Maus, kilichokuwa na uzito wa tani 188, kiliundwa: viunzi viwili vilikamilika, kimoja kikafungwa mnara wa mzinga, na kifaru kilichounganishwa kutokana na mabaki ya vyote viwili kingalipo katika makumbusho ya Kubinka nchini Urusi. Arrow nayo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Machi 1958, na ndege tano zilikuwa zimekwisha kuruka serikali ya Kanada ilipoufuta mradi tarehe 20 Februari 1959. Hizo ni zana zilizoundwa na kuachwa, na historia yake ni ya aina nyingine kabisa.

Kati ya wazo na chuma kuna hatua kadhaa, na kila mradi unapaswa kutajwa pamoja na hatua uliyofikia. Hatua ya kwanza ni mchoro wa jumla, ambao mhandisi mmoja anaweza kuukamilisha kwa muda mfupi. Inayofuata ni mahesabu ya kina na mfano mdogo unaopimwa kwenye handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ambamo hewa hupulizwa kwa kasi juu ya mfano huo. Hapo ndipo ilipokomea ndege ya Kijerumani ya Triebflügel ya mwaka 1944, iliyokusudiwa kupaa ikiwa imesimama juu ya mkia wake, huku mabawa matatu yakizunguka kiwiliwili kwa nguvu ya injini za jeti zilizofungwa kwenye ncha zake. Baadaye huja mfano wa ukubwa halisi, unaoonyesha rubani ataketi wapi na fundi atafikiaje injini, kama ule wa ndege ya Kimarekani ya XF-103, iliyotarajiwa kufikia mara tatu ya kasi ya sauti na ikafutwa mwaka 1957. Mwisho kabisa ni zile ambazo chuma chake kilianza kukatwa: Messerschmitt P.1101 ilikuwa imekamilika kwa takriban asilimia 80 Wamarekani walipoikuta mwaka 1945, wakaisafirisha kwao, na kampuni ya Bell ikaitumia kuwa msingi wa X-5, ndege ya utafiti iliyoweza kubadilisha pembe ya mabawa yake ikiwa angani na iliyoruka mwaka 1951.

Ninasisitiza hatua hizi kwa sababu ndizo zinazotuambia tuiamini takwimu ipi. Vitabu vingi huandika kwamba ndege fulani ya karatasi ilikuwa na kasi ya kilomita 1,000 kwa saa, kana kwamba kuna mtu aliyeipima. Kasi hiyo ni ahadi iliyotolewa na kampuni iliyokuwa ikitafuta mkataba, na mara nyingi ilitolewa kabla injini yenyewe haijawashwa. Msomaji makini na asome "ilitarajiwa" kila anapoona "ilikuwa". Akifanya hivyo, nusu ya maajabu ya fani hii yatarudi kwenye kimo chake.

Swali: Je, kifaru cha tani 1,000 cha Wajerumani, kile kinachoitwa Ratte, kingeweza kutembea kweli, au kingezama ardhini siku ya kwanza?

Jibu: Mradi huo ulikuwa wa kweli kwa kiwango cha karatasi. Mwezi Juni 1942 mhandisi Edward Grotte wa kampuni ya Krupp, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa amebuni kifaru cha majaribio katika Umoja wa Kisovieti, alipendekeza kifaru chenye urefu wa takriban mita 35, upana wa mita 14 na kimo cha mita 11, kikibeba mizinga miwili ya sentimita 28 ya aina iliyofungwa kwenye manowari za Scharnhorst na Gneisenau. Adolf Hitler alivutiwa, akaruhusu usanifu uendelee. Mwanzoni mwa mwaka 1943 waziri wa silaha, Albert Speer, aliufuta mradi huo kabla ya kifaru chochote kuanza kuundwa.

Wengi hudai kwamba kingezama. Hesabu haiungi mkono dai hilo moja kwa moja. Ratte kilipangiwa minyororo mitatu kila upande, kila mmoja ukiwa na upana wa mita 1.2, yaani jumla ya mita 7.2. Tukichukulia kwamba mita 20 za urefu wa minyororo hiyo ndizo zingegusa ardhi, tunapata eneo la mita za mraba 144, na tani 1,000 zikigawanywa juu yake ni kama tani 7 kwa kila mita ya mraba. Kifaru cha Tiger, ambacho kilipigana vitani, kilikanyaga ardhi kwa zaidi ya tani 10 kwa mita ya mraba. Kwenye uwanja mkavu na tambarare, basi, Ratte kingesimama bila kuzama.

Lakini ardhi si meza. Kifaru kikipanda tuta, uzito wake wote hulalia sehemu ndogo ya minyororo kwa kitambo, na shinikizo huongezeka maradufu mara kadhaa. Kikikata kona, minyororo ya upande mmoja hupunguzwa kasi ili ya upande wa pili ikizungushe, na hapo chuma chote kinachogusa ardhi huburutwa kwa ubavu. Kwa kifaru cha tani 57 jambo hilo huacha mfereji. Kwa kifaru cha tani 1,000 nguvu hiyo ingetosha kupasua barabara na, ambalo ni baya zaidi kwa wafanyakazi wake, kukata pini zinazounganisha minyororo. Fikiria pia kazi ya kubadilisha kipande kimoja cha mnyororo wa namna hiyo shambani, bila winchi ya bandarini.

Jambo ambalo naona halitiliwi mkazo wa kutosha ni uzito wa mnara wenyewe. Mnara wa mizinga mitatu wa Gneisenau ulikuwa na uzito wa takriban tani 750. Hata tukiondoa mzinga mmoja na kupunguza bamba za deraya, mnara wa mizinga miwili ungemeza sehemu kubwa ya tani 1,000 zilizotajwa, na kilichobaki kingepaswa kutosha kwa kiunzi cha mita 35, injini za dizeli za baharini zenye jumla ya nguvu za farasi zaidi ya 16,000, mafuta, risasi, minyororo sita na deraya ya kuvifunika vyote hivyo. Kwa maoni yangu tani 1,000 ni tarakimu iliyochaguliwa kwa sababu ni nzuri kutamka mbele ya mkuu wa nchi, na kifaru hicho kama kingeundwa kingezidi uzito huo kwa mbali.

Mengineyo ni rahisi kueleza. Hakuna daraja ambalo lingekibeba, hakuna behewa la reli ambalo lingekisafirisha, na kwa ukubwa wake kingeonekana na kila rubani aliyepita angani katika miaka ambayo Ujerumani ilikuwa ikipoteza udhibiti wa anga.

Wasomaji wawili wameuliza kama ni kweli kwamba mnara wa Ratte umehifadhiwa Norway. Mnara uliopo katika ngome ya Austrått, karibu na Trondheim, ni wa manowari ya Gneisenau. Ulitolewa baada ya manowari hiyo kuharibiwa vibaya na kuondolewa vitani, ukajengwa ufukweni ili kulinda mlango wa bahari. Una mizinga mitatu, na hilo peke yake linatosha kuutofautisha na mchoro wa Grotte. Hata hivyo, mtu anayetaka kuelewa ukubwa wa wazo lile hatapata mahali bora zaidi: kinachoonekana juu ya ardhi ni sehemu tu ya mnara, na chini yake kuna ghorofa kadhaa za kuhifadhi makombora, kuyapandisha na kuyapakia. Ghorofa hizo zote, kwa namna moja au nyingine, zilipaswa kutoshea ndani ya tumbo la Ratte.

Swali: Nimesoma kwamba ndege ya Kisovieti ya MiG-15 ni nakala ya ndege ya Kijerumani ya Ta 183 ambayo haikuundwa. Je, ni kweli?

Jibu: Hapana, ingawa kufanana kwake kunaeleweka. Focke-Wulf Ta 183, iliyosanifiwa na Hans Multhopp chini ya uongozi wa Kurt Tank, ilichaguliwa mapema mwaka 1945 kuwa ndege ya jeti ya kivita ya Ujerumani, na vita vikaisha kabla haijaundwa. Ilikuwa na injini moja ndani ya kiwiliwili, tundu la hewa puani, mabawa yaliyoelekezwa nyuma na mkia wenye kipande cha mlalo juu kabisa. MiG-15, iliyoruka tarehe 30 Desemba 1947, ina sifa kadhaa kati ya hizo. Hata F-86 ya Marekani, iliyoruka mwaka huo huo, ilitumia mabawa ya namna hiyo, kwa sababu washindi wote wa vita walizisoma ripoti zilezile za utafiti wa Kijerumani kuhusu mabawa yaliyopinda nyuma. Kinachoifanya MiG-15 iwe MiG-15 ni injini yake, iliyotokana na Nene ya Rolls-Royce ambayo Uingereza iliwauzia Wasovieti, pamoja na kazi ya miaka ya ofisi ya Mikoyan na Gurevich. Wahandisi wanaokabiliwa na injini moja ya jeti, kasi inayokaribia ile ya sauti na mahitaji yaleyale ya vita hufikia maumbo yanayokaribiana.

Kuna ndege nyingine iliyo karibu zaidi na Ta 183, nayo ndiyo inayotufundisha kitu. Baada ya vita Kurt Tank alikwenda Argentina, na huko akaongoza uundaji wa Pulqui II, iliyoruka mwaka 1950 ikiwa na injini ya Nene. Haikuwa nakala kamili ya mchoro wa mwaka 1945, kwani bawa lake na kiwiliwili vilibadilishwa, lakini ni mtoto wa mawazo yaleyale. Ilipokuwa angani ilionyesha tabia ambazo karatasi haikuzitaja: ilikuwa na shida kubwa za uthabiti, na hasa mabawa yake yalipopoteza nguvu ya kuiinua kwa kasi ndogo ilikuwa hatari, kwa kuwa hewa iliyovurugwa na bawa iliufikia ule mkia wa juu na kuunyima nguvu. Ziliundwa tano tu, na ajali zake ziliua marubani wa majaribio. Tatizo hilo la mkia wa juu lilikuja kusumbua wasanifu wa nchi nyingi baadaye. Hivyo, anayesema kwamba Ta 183 ingebadilisha mkondo wa vita vya angani anapaswa kwanza kuitazama Pulqui II, ambayo ilipewa miaka ya amani, injini bora kuliko ile iliyokusudiwa, na msanifu mkuu yuleyule, na bado haikuwa tayari.

Swali: Kuna picha ya ndege kubwa mno ya Kisovieti, yenye mizinga ya manowari juu ya mabawa na pangaboi nyingi. Iliundwa?

Jibu: Picha hiyo ilitengenezwa kwa kompyuta. Ndege ya kweli inayodaiwa kuonyeshwa hapo ni Kalinin K-7, iliyokuwa na injini saba na upana wa mabawa wa mita 53, ikaruka mwaka 1933 na kuanguka mwezi Novemba mwaka huohuo. Haikuwahi kubeba mizinga ya manowari, na yeyote anayekumbuka uzito wa mnara tulioutaja hapo juu ataona kwa nini. Ukikutana na mradi usioufahamu, tafuta mambo matatu: ofisi iliyouagiza, jina la msanifu, na tarehe ya kuufuta. Mradi wa kweli, hata ule wa ajabu, uliacha makaratasi ya namna hiyo, kwa kuwa kuna mtu aliyepaswa kulipwa.

Swali: Kwa nini ndege za kivita zinazoendeshwa kwa nyuklia hazikuundwa, wakati nyambizi za nyuklia zipo?

Jibu: Kwa sababu ya kinga dhidi ya mionzi, na uzito wake. Injini ya jeti hupasha hewa joto kwa kuchoma mafuta, na wazo la wahandisi wa Marekani tangu mwaka 1946 lilikuwa kwamba joto la kinu cha nyuklia lichukue nafasi ya moto huo, ili ndege ya mabomu ikae angani siku nyingi bila kutua. Katika nyambizi kinu huzungukwa na kuta nzito za kuzuia mionzi, na maji huubeba uzito huo. Ndege haina msaada huo. Kila tani ya kinga lazima iinuliwe na mabawa.

Wahandisi walijaribu kukwepa tatizo kwa kugawa kinga, sehemu kando ya kinu na sehemu kando ya wafanyakazi. Ili kupima mpango huo, ndege ya mabomu ya B-36 iligeuzwa kuwa NB-36H na kuwekewa kinu cha megawati 1, ambacho kilifanya kazi angani bila kuendesha injini yoyote. Marubani walikaa ndani ya chumba kilichozungushiwa madini ya risasi na mpira, chenye uzito wa zaidi ya tani 10, wakitazama nje kupitia vioo vizito mno. Kati ya mwaka 1955 na 1957 iliruka mara 47, na ilisindikizwa na ndege iliyobeba askari waliokuwa tayari kuruka kwa miavuli na kuzingira eneo endapo ingeanguka. Askari hao ndio jibu fupi la swali lako: kila safari ya mafunzo ya ndege kama hiyo ingekuwa na uwezekano wa kumwaga mionzi juu ya makazi ya watu wa nchi yake yenyewe.

Ndege iliyopaswa kufuata, Convair X-6, ambayo kinu chake kingeendesha injini, haikuundwa. Injini za majaribio zilifanya kazi zikiwa ardhini huko Idaho, na mashine mbili kati ya hizo bado zimewekwa mahali ambapo wageni huweza kuziona. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1950 makombora ya masafa marefu yalikuwa yameanza kuifanya kazi ileile kwa dakika badala ya siku, na ndege za kawaida zilikuwa zimejifunza kujazwa mafuta zikiwa angani. Rais John F. Kennedy aliufuta mpango huo mwezi Machi 1961, baada ya miaka 15 na takriban dola bilioni 1. Wasovieti nao walirusha ndege ya mabomu ya Tu-95 yenye kinu cha majaribio, wakaachia hapo.

Wazo lenyewe lilichukua muda kufa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Lockheed ilifanya utafiti wa CL-1201, ndege ya nyuklia yenye mabawa ya upana wa takriban mita 340, ambayo ingekaa angani kwa siku 41 na kubeba ndege nyingine za kivita chini ya mabawa yake. Huo ulikuwa utafiti wa karatasi kuhusu mipaka ya ukubwa. Sidhani kuna aliyetarajia kuiunda, na ni makosa kuiweka pamoja na miradi iliyoagizwa na kulipiwa.

Kwa upande wa vifaru, kampuni ya Chrysler ilipendekeza TV-8 mwaka 1955. Wafanyakazi wote, injini na mzinga vilikuwa ndani ya mnara mmoja mkubwa wenye umbo la yai, uliokaa juu ya kiunzi chepesi cha minyororo na ulioweza kuelea majini. Kinu kidogo cha nyuklia kilikuwa mojawapo tu ya njia zilizofikiriwa za kukiendesha. Mfano wa ukubwa halisi uliundwa, jeshi likaukagua na kuamua mwaka 1956 kwamba haukuwa na faida ya kutosha kuliko vifaru vilivyokuwepo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Swali: Ndege ya Kiingereza ya Miles M.52 ilifutwa kwa nini? Je, ni kweli Waingereza walijinyima heshima ya kuwa wa kwanza kuipita kasi ya sauti?

Jibu: Kati ya miradi yote iliyotajwa katika safu hii, huu ndio ninaousikitikia zaidi, kwa kuwa sababu za kuufuta zilikuwa dhaifu kuliko ndege yenyewe. Mwaka 1943 serikali ya Uingereza iliiagiza kampuni ndogo ya Miles kuunda ndege ya kufikia maili 1,000 kwa saa, yaani takriban kilomita 1,600, wakati ambapo ndege za kasi zaidi zilikuwa zikisumbuka kufikia nusu yake. Wasanifu walichagua kiwiliwili chenye umbo la kombora, injini ya jeti ya Frank Whittle iliyoongezewa nguvu, na mabawa membamba yenye kingo kali. Mabawa hayo yalijaribiwa kwenye ndege ndogo ya kawaida, nayo mafundi wakaiita Gillette, kwa jina la wembe.

Sehemu muhimu zaidi ilikuwa mkia. Katika ndege za wakati ule rubani alisogeza kipande kidogo tu nyuma ya bawa la mkia. Ndege ikikaribia kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko hujengeka juu ya bawa hilo na kukinyima kipande hicho uwezo, na marubani kadhaa walikufa wakivuta usukani usioitikia. Wasanifu wa M.52 waliamua bawa zima la mkia ligeuke kwa pamoja. Mkia wa namna hiyo ulijaribiwa kwenye ndege ya kivita ya Spitfire, ukafanya kazi.

Mwezi Februari 1946, kazi ikiwa imefika mbali, mradi ulifutwa. Hoja zilizotolewa zilikuwa gharama, hatari kwa rubani, na imani iliyotokana na nyaraka za Kijerumani kwamba mabawa yaliyonyooka hayangefaa. Tarehe 14 Oktoba 1947 Bell X-1 ya Marekani, yenye mabawa yaliyonyooka na membamba na mkia ambao rubani aliweza kuusogeza wote, iliipita kasi ya sauti. Mwaka uliofuata mfano mdogo wa M.52 unaoendeshwa kwa roketi ulifikia mara 1.38 ya kasi ya sauti katika usafiri uliodhibitiwa.

Waliohusika na mradi wa Miles walisimulia hadi uzeeni kwamba Wamarekani walionyeshwa michoro yao mwaka 1944 bila kurudisha fadhila. Ziara hiyo ni sehemu ya historia, lakini haifuati kwamba X-1 ni nakala: ilitumia roketi, ikabebwa hadi juu na ndege nyingine, na watafiti wa Marekani walikuwa wakilishughulikia tatizo la mkia kwa njia yao wenyewe. Nitakalolisema bila kusita ni kwamba kasoro zilizodaiwa kuwa katika M.52 hazikuonekana pale mfano wake uliporuka. Hata hivyo, hatuwezi kuthibitisha kwamba ingemtangulia Bell, kwa sababu injini iliyokusudiwa haikuwahi kurushwa.

Swali: Serikali zinapofuta mradi, nani hulipa?

Jibu: Hutegemea mkataba. Mfano mzito zaidi ni wa ndege ya jeshi la wanamaji la Marekani ya A-12 Avenger II, yenye umbo la pembetatu na iliyokusudiwa kukwepa rada. Mwaka 1988 McDonnell Douglas na General Dynamics zilipewa mkataba wa bei isiyobadilika, ndege ikazidi uzito uliopangwa na ratiba ikachelewa, na tarehe 7 Januari 1991 waziri wa ulinzi, Dick Cheney, akaufuta kabla ndege hata moja haijaruka. Serikali ilidai irudishiwe fedha kwa kuwa makampuni yalikuwa yameshindwa kazi. Makampuni yakadai kwamba serikali iliwanyima taarifa muhimu ilizokuwa nazo za teknolojia ya kukwepa rada. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, na ikamalizwa mwaka 2014 tu, pale General Dynamics na Boeing, iliyokuwa imeinunua McDonnell Douglas, zilipokubali kulipa kwa bidhaa na huduma zenye thamani ya takriban dola milioni 200 kila moja. Kubishana juu ya ndege hiyo kulichukua muda mrefu mara kadhaa kuliko kuisanifu.

Swali: Je, kuna mchoro uliokataliwa ambao baadaye ulithibitika kuwa bora kuliko kilichoundwa?

Jibu: Upo, nao ni wa mwanzo kabisa wa historia ya vifaru. Mwaka 1912 Mwaustralia Lancelot de Mole alipeleka kwa wizara ya vita ya Uingereza michoro ya gari la deraya linalotembea kwa minyororo, na mwaka uliofuata akajibiwa kwamba halikuhitajika. Katika miaka hiyohiyo ofisa wa Austria, Gunther Burstyn, alibuni gari lenye mnara wa mzinga na mikono ya kulisaidia kuvuka mahandaki, naye hakupata wa kulilipia.

Tukiulinganisha mchoro wa De Mole na vifaru vya kwanza vya Kiingereza vilivyoingia vitani tarehe 15 Septemba 1916 katika mapigano ya Somme, tofauti iko kwenye usukani. Vifaru vya mwaka 1916 vilihitaji watu wanne kuviendesha tu: dereva, kamanda aliyeshika breki, na wasaidizi wawili wa gia waliokaa nyuma, mmoja kwa kila mnyororo, wakipewa ishara kwa sababu kelele ya injini haikuruhusu kusikilizana. Nyuma vilikokota magurudumu mawili ya kusaidia kukata kona, ambayo yaliharibika upesi na hatimaye yakaondolewa. De Mole alikuwa amechora minyororo inayoweza kupindishwa kuelekea kushoto au kulia, ili gari lifuate mkunjo wake bila kusimamisha upande mmoja. Kama minyororo hiyo ingedumu kwenye matope ya Ufaransa ni jambo ambalo halikupata kupimwa, na kwa kanuni niliyoitaja katika jibu la kwanza siwezi kumpa sifa ya ushindi ambao haukutokea.

Tume ya kifalme iliyoshughulikia tuzo za wavumbuzi baada ya vita ilimsikiliza mwaka 1919. Ilikiri kwamba uvumbuzi wake ulitangulia, na katika baadhi ya mambo ulizidi, kile kilichotumika mwaka 1916, lakini ikasema haiwezi kumpa tuzo ya mvumbuzi kwa sababu waliounda vifaru hawakuutumia mchoro wake. Alilipwa paundi 987 kufidia gharama zake, na mfano mdogo aliouunda ili kuwashawishi maofisa sasa uko katika makumbusho ya vita ya Australia, mjini Canberra.